Trei za mayai, viriba au chupa kwa mbegu za maboga?

Mkuu, umeuliza kama trei za mayai zinatosha kuoteshea mbegu za maboga ndani ya nyumba ukisubiri mvua, au ununue viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Trei za mayai achana nazo. Mbegu ya boga inafukiwa sentimita 2 hadi 3, na kitundu cha trei ni kifupi mno. Mzizi unagonga chini kabla mche haujasimama.

Nyanya au kabichi unaing'oa kitaluni mizizi ikiwa wazi, inanyauka siku mbili tatu, inainuka. Boga halina uvumilivu huo. Likikatika mizizi linadumaa, au linakufa kabisa. Ndiyo maana kwenye chombo mimi naangalia kwanza mche utatokaje humo, bei baadaye.

Huku Tukuyu migomba imejaa, kwa hiyo natumia magome yake makavu. Nalilowesha gome lilainike, naliviringisha kwenye chupa, nakunja chini na kulifunga kwa kamba ya mgomba huohuo. Upana sentimita 10 hivi, kina kisipungue 12. Siku ya kupanda linaingia shimoni pamoja na mche, kwani litaozea humo. Hakikisha tu ukingo wake wote umefukiwa. Ukibaki juu unakauka na kunyonya unyevu wa udongo ulio kwenye mizizi. Gazeti nalo ni hivyo hivyo, ila ukilimwagilia ovyo linachanika mikononi.

Kama migomba huna, chukua viriba vyeusi vya inchi 4 kwa 6, vyenye matundu chini, maana udongo ukituamisha maji utavuna kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga. Asubuhi ya kuhamisha mwagilia ili udongo ushikane, weka kiriba shimoni, chana ubavu kwa wembe, kisha kivute taratibu kikiwa humo humo. Usishike shina! Chupa za maji za lita moja na nusu zinafaa pia, ila zikate ubavuni tangu mwanzo na uzifunge kamba. Siku ya kuhamisha unafungua tu.

Huku kwetu kuna baridi, kwa hiyo vyombo navikalisha jikoni hadi mbegu zichomoze. Zikichomoza tu, nje kwenye mwanga, mbali na kuku. Ukizichelewesha gizani zinarefuka na kulala.

Hamisha zikiwa na majani halisi mawili au matatu (yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu), kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu. Mvua ikisuasua, mche wa kwenye kiriba kirefu unasubiri vizuri zaidi kuliko wa kwenye chombo kifupi.

Na kama ni mbegu ulizokamua kwenye boga la nyumbani na panya si wengi, hangaika ya nini? Mvua ikishika, tupia tatu kila shimo shambani, baadaye punguza ubaki na mche mmoja. Vyombo waachie wale wa mbegu chotara za kununua.