Kosa, kasoro au hitilafu?

SWALI: Msomaji wa Kigoma anayefundisha kompyuta amehamisha msimbo wa mfumo endeshi wa CP/M 2.2 kutoka asembla (lugha ya maagizo mafupi) ya kichakataji cha Intel 8080 kwenda ile ya kichakataji cha Z80. Katika ripoti yake ameandika: "Nililinganisha faili mbili, nikakuta hitilafu elfu tatu, nikazirekebisha." Mwenzake anataka "makosa" badala ya "hitilafu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna. Na jambo hili si la umbuji tu, kwa sababu sentensi hiyo itampoteza yeyote atakayetaka kurudia kazi hiyo.

Hitilafu ina maana mbili: tofauti, na ubovu. Injini ya boti ikizimika pale Kibirizi, tunasema imepata hitilafu. Ndugu wasipoelewana, tunasema wana hitilafu. Katika matumizi ya kila siku muktadha unatosha kutuongoza. Katika kulinganisha faili za baiti za msimbo wa zamani na mpya hautoshi, maana tofauti zipo, ubovu nao huenda upo, na si kila tofauti ni ubovu.

"Kosa" liachiwe kile ambacho asembla yenyewe, yaani programu inayogeuza maagizo kuwa baiti, inakikataa. CP/M iliandikwa kwa kanuni za ASM, asembla ya kampuni ya Digital Research. Hiyo inaruhusu maagizo kadhaa katika mstari mmoja yakitenganishwa kwa alama ya mshangao, na inapuuza alama ya dola iliyo ndani ya jina, hivyo dir$max na dirmax ni jina lilelile. Asembla isiyojua desturi hizo italalamika na kutaja namba ya mstari. Hayo ndiyo makosa, na idadi yake ina maana.

"Kasoro" ni pale asembla imenyamaza lakini programu inafanya isichotakiwa kufanya. Tazama agizo la JP. Kwa 8080, JP ni "ruka ikiwa alama ni chanya", baiti F2 kwa heksadesimali. Kwa Z80, JP yenye anwani pekee ni "ruka bila sharti", baiti C3. Mstari usiobadilishwa utapita bila lalamiko lolote, kisha programu itaruka kila mara. Tafsiri sahihi ni JP P, ikifuatiwa na anwani. Kwa hiyo ripoti inaweza kusema kwa haki kabisa: "Msimbo hauna kosa hata moja, lakini una kasoro." Ukitumia neno moja kwa yote mawili, sentensi hiyo haiandikiki.

Zile elfu tatu ziitwe "tofauti". Mtu akiandika JR, agizo la mruko mfupi la baiti 2, mahali palipokuwa na JP ya baiti 3, kila kinachofuata kinasogea baiti moja, na anwani zinazokielekea zinabadilika pia, hata zilizoandikwa kabla yake. Chanzo ni kimoja, tofauti ni maelfu. Ndiyo maana "nikazirekebisha" nayo haifai: hakuna anayerekebisha baiti elfu tatu mojamoja. Aandike: "Nilikuta tofauti elfu tatu, nikafuatilia orodha za PRN hadi mstari wa kwanza ambao safu ya anwani inaachana, nikarekebisha kasoro iliyouzaa mwachano huo." Orodha ya PRN ni faili ambamo asembla huonyesha kila mstari pamoja na anwani na baiti zake. Tofauti ya kwanza ndani ya faili za baiti si kiashiria cha kutegemea, kwani huenda ni anwani tu ya mruko unaoelekea mbele.

Tofauti nyingine hazihitaji kuguswa. Kwenye kichakataji cha 8086, kwa mfano, agizo la kunakili rejista BX kwenda rejista AX asembla moja huliandika 8B C3 na nyingine 89 D8, na yote mawili ni sawa. Kuiita hiyo hitilafu ni kumshtua msomaji bure.

Anayelinganisha faili kwa amri ya cmp -l aeleze pia namba zake ni za namna gani. Amri hiyo huhesabu nafasi kwa desimali kuanzia 1, lakini thamani za baiti huzionyesha kwa oktali: F2 itaonekana 362, na C3 itaonekana 303.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi: asembla imekataa, asembla zimekataa, msimbo umehamishwa, misimbo imehamishwa. Nashauri "kodi" isitumike kwa maana ya msimbo. "Kuhamisha kodi" mbele ya mhasibu wa chuo ni jambo lingine kabisa.