Ukiacha Kozi, Piga Hesabu ya Mwaka Kabla ya Hesabu ya Ada

Swali la wiki lilikuwa hili: mwanafunzi akiacha kozi katikati na kwenda kuanza nyingine, yeye na mzazi wake wanapoteza nini hasa? Huku kwetu Mtwara na Lindi wengi watataja ada. Mimi naanza na kalenda. Kozi ileile, kwenye chuo kilekile, ukiiacha Novemba ni gharama moja na ukiiacha Mei ni nyingine kabisa.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo mtaani huwekwa kapu moja. Kuna kuhama, kuna kuahirisha, na kuna kuacha.

Kuhama kozi ndani ya chuo kimoja ndiyo njia nafuu kuliko zote. Hufanyika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, chuo kinapotangaza dirisha lake. Unajaza fomu, unasainiwa na idara unayotoka na idara unayokwenda, ofisi ya udahili inabadilisha jina lako kwenye orodha, na ada uliyolipa inakufuata. Chukua TIA, yaani Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kampasi ya Mtwara. Anayetoka uhasibu kwenda ununuzi na ugavi bado yumo kwenye familia moja ya biashara, kwa hiyo akiwahi hana mengi ya kufidia darasani. Kwa wa shahada anayetaka kuhamia chuo kingine, safari hupitia mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kipindi kinachotangazwa. Kipindi kikifungwa, kimefungwa.

Kinachowakwamisha wengi ni sifa za kujiunga. Kijana anasoma uhasibu, anaona wenzake wa afya wanaajiriwa, anataka utabibu. Utabibu unadai ufaulu wa kidato cha nne katika Biolojia, Kemia na Fizikia. Kama Fizikia ina F, hakuna fomu ya uhamisho itakayoiondoa, na anayekwambia "lete laki mbili nikupitishie" ni kishoka. Kurudi upande wa pili, kutoka afya kwenda biashara au utumishi wa umma, ni rahisi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuaga popote, chukua cheti cha kidato cha nne, kiweke kando ya mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi) au wa TCU, soma mstari kwa mstari.

Kuahirisha ni kwa yule ambaye tatizo lake ni fedha au afya, kozi yenyewe hana ugomvi nayo. Nasisitiza hapa kwa sababu ya korosho. Chuo kinafungua Oktoba, minada ya korosho nayo ndiyo kwanza inaanza, malipo yanapita AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kuingia benki baada ya wiki kadhaa, na chuo kinataka awamu ya kwanza ya ada siku ya usajili. Mwanafunzi anaona aibu, anarudi Newala au Tandahimba kimya kimya, mwakani anaomba kozi nyingine kana kwamba ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Huyo alitakiwa kuandika barua ya kuahirisha, aambatanishe sababu, apewe jibu la maandishi, nafasi yake ibaki. Au aombe kulipa kwa awamu hadi malipo ya mnada yatoke. Wahasibu wa vyuo vya huku wanaijua kalenda ya korosho vizuri tu.

Sasa kuacha kwenyewe. Tuchukue mfano, kila mmoja aweke namba zake. Ada ni 1,200,000 kwa mwaka, nusu kila muhula. Michango mingine, yaani usajili, kitambulisho, bima ya afya, serikali ya wanafunzi na mengineyo, tuseme 150,000. Chumba cha mtaani 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba ametaka miezi sita mbele: 240,000. Akiacha baada ya muhula wa kwanza, hapo pameondoka 990,000. Chakula usikihesabu chote, maana hata nyumbani angekula. Weka 300,000 ya ziada. Jumla 1,290,000. Kwa mkulima anayebaki na 2,500 kwa kilo ya korosho baada ya makato, hizo ni kilo 516, karibu magunia sita na nusu ya kilo 80.

Inauma. Lakini tazama upande wa pili. Akianza upya Oktoba inayofuata, atahitimu mwaka mmoja nyuma ya alivyopanga. Kama kipato anachotarajia akihitimu ni 350,000 kwa mwezi, mwaka huo ni 4,200,000, zaidi ya mara tatu ya ile hasara ya kwanza. Ndiyo maana nasema mwezi wa kuondoka una uzito kuliko risiti za ada. Wa vyuo vilivyo chini ya NACTVET wana nafuu moja: zipo kozi zinazopokea wanafunzi pia awamu ya Machi. Anayemaliza muhula wa kwanza Februari na kuingia kozi mpya Machi anapoteza nusu mwaka tu. Si kila chuo wala kila kozi ina awamu hiyo, kwa hiyo ulizia Desemba, Februari umechelewa.

Nafuu ya pili haisemwi sana. Stashahada nyingi hupanda kwa ngazi: ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada. Anayemaliza ngazi anastahili cheti cha ngazi hiyo. Aliyebakiza muhula mmoja kufunga ngazi ya 5 akiondoka leo, mkononi ana karatasi ya matokeo tu. Akivumilia miezi mitano anaondoka na cheti kinachoombea kazi. Mimi ningemwambia avumilie hata kama kozi imemchosha. Aliye wiki ya sita ya ngazi ya 4, aende zake mapema, asilipe muhula wa pili kwa ajili ya kuona haya.

Na masomo aliyokwisha kufaulu? Yanaweza kuhamishwa kama krediti, krediti 1 ikiwa ni saa 10 za kujifunza, endapo chuo kipya kitaona maudhui yanalingana. Watataka matokeo yenye muhuri na maelezo ya kila somo: mada, saa, krediti. Jina la somo peke yake halitoshi. Maelezo hayo yaombe idarani kabla hujaondoka, maana kuyafuatilia ukiwa Liwale ni nauli juu ya nauli. Somo ulilofeli halihami.

Mwenye mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ana hesabu yake. Kuacha kozi hakufuti deni. Fedha ya kujikimu ni 10,000 kwa siku. Wiki 17 za muhula ni 1,190,000. Ongeza ada iliyolipwa na bodi, tuseme 510,000, unafika 1,700,000. Miongozo ya bodi ya miaka ya karibuni humtaka aliyeacha masomo arejeshe kwanza angalau asilimia 25 ya alichokopa ndipo aombe tena: hapa ni 425,000, pamoja na 30,000 ya maombi mapya. Na salio linamngoja kazini. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 700,000 ni 105,000 kwa mwezi. Muhula ule mmoja peke yake, kama hajarejesha chochote, ungekula miezi 16 hivi ya makato. Anayehama kwa utaratibu hayuko kwenye fungu hili, mradi chuo na bodi wote wamepewa taarifa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi dirisha.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kutoroka. Mwanafunzi habebi barua wala hasaini fomu ya kliaransi, yaani ya kuthibitisha kuwa chuo hakimdai kitu, anaacha kuonekana tu. Jina linabaki kwenye mfumo kama mwanafunzi anayeendelea, na kwa kuwa maombi hufungwa kwenye namba ya mtihani wa kidato cha nne, akiomba kwingine anaweza kukataliwa kwa kuwa ana udahili tayari. Anarudi chuo cha zamani kuomba atolewe, anaambiwa ana deni la muhula ambao hakusoma. Barua ya kuacha masomo huandikwa kwa mkuu wa chuo kupitia idara; kliaransi huzungushwa maktaba, bweni, stoo na uhasibu. Anza na uhasibu, kwa sababu hao ndio hukwamisha, na ukianza kwingine saini za wengine zinaweza kukaa hadi tarehe zipitwe. Toka na nakala mbili za kila karatasi.

Chumba nacho kisisahaulike. Kodi ya miezi sita hairudishwi kirahisi, lakini wenye nyumba wengi wa Chikongola na Magomeni watakubali umlete mwanafunzi mwingine amalizie miezi yako akulipe wewe. Mtafute kabla muhula haujaanza, na mwenye nyumba ajue. Ada ya chuo kipya usiilipe mpaka jina lako limethibitishwa kwenye orodha na umepewa namba ya malipo yenye jina la chuo chenyewe. Ikija namba ya simu ya mtu, usitume hata shilingi.

Msomaji, Mtwara Mikindani