Kabla hujatoa hela ya nyumba Dar: maswali ninayoulizwa kila wiki

Tangu familia yetu iuze nyumba ya marehemu mama kule Temeke, na mimi nikanunua yangu Goba, simu yangu imegeuka ofisi. Shemeji anauliza, jirani anauliza, fundi aliyenipigia ripu naye anauliza kwa niaba ya mjomba wake wa Chanika. Mimi si wakili. Nimeuza, nimenunua, nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi za serikali, na nimegundua kwamba karibu wote wanataka kujua jambo moja: karatasi hizi ni halali? Mimi ningeanzia kwingine. Huyu anayekuuzia ana haki ya kuuza? Na ni nani mwingine mwenye haki ndani ya nyumba hiyo?

Dar tunauheshimu sana muhuri. Mtu anakuonyesha mkataba wa mauziano, umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, mjumbe amesaini, mashahidi wameweka dole gumba, basi unaona mambo yamekwisha. Mwenyekiti wa mtaa ana umuhimu wake. Anajua nani ana ugomvi na nani, na kiwanja kipi kimewahi kuuzwa mara mbili, kwa hiyo nenda kamwulize. Lakini daftari la umiliki wa ardhi haliko mezani kwake, na muhuri wake hauhamishi nyumba kutoka jina hili kwenda jina lile. Ile asilimia kumi ya bei ambayo baadhi ya mitaa hudai ili "kupitisha" mauziano haimo katika Sheria ya Ardhi. Ukidaiwa, omba stakabadhi ya serikali, uone mazungumzo yatakavyobadilika.

Muhuri wa wakili nao watu huupa uzito usio wake. Wakili anaposhuhudia mkataba, anathibitisha kwamba fulani na fulani wamesaini mbele yake. Hajaenda kuona mipaka, wala hajapekua rekodi. Ukitaka akufanyie kazi hiyo, mwambie wazi na umlipe kwa kazi hiyo. Na awe wakili uliyemtafuta mwenyewe. Yule aliyeletwa na dalali ana mteja wake tayari.

Nyumba yenye hati ndiyo rahisi zaidi. Chukua namba ya hati, kiwanja na kitalu, peleka maombi ya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, lipia ada, subiri majibu ya maandishi. Utaona jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Picha ya hati iliyotumwa WhatsApp haikuambii lolote kati ya hayo. Mimi nilipekua mara ya kwanza kabla ya kusaini, nikapekua tena kabla ya kulipa awamu ya mwisho, kwa sababu katikati hapo mtu anaweza kukopea hati au ndugu akaja kuweka zuio. Angalia pia muda uliobaki. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na tunachomiliki ni haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imebakiza michache kuliko unavyodhani.

Sasa tuseme ukweli: nyumba nyingi mnazoniulizia hazina hati. Ziko maeneo yasiyopimwa, au mwenye nyumba ana leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na huhuishwa. Sisemi msinunue. Ila hapo kazi ya Msajili unaifanya wewe. Omba mkataba ambao muuzaji alinunulia, na wa yule aliyemuuzia yeye, urudi nyuma kadiri unavyoweza. Pita mipakani pamoja na majirani wa pande zote, nao wasaini kwamba mpaka ni hapo. Kisha nenda idara ya mipango miji ya halmashauri husika, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji, ukaulize eneo hilo limechorwa nini. Wapo watu wamenunua barabara. Wengine wamenunua uwanja wa shule.

Bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, iliangusha nyumba zilizokaliwa miaka mingi kwa sababu zilihesabika kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Baadhi ya wenyewe walikuwa na karatasi. Mabondeni kuna hadithi nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari kuwa eneo la kulindwa. Ukionyeshwa nyumba ya bei nzuri karibu na Msimbazi au kijito chochote, hesabu mita kabla ya kuhesabu hela.

Swali linalofuata huulizwa kwa sauti ya chini: "Mke wake hayupo, lakini amesema walishaachana." Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia, kuiweka rehani wala kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake, na haijalishi hati ina jina la nani. Neno "walishaachana" lina thamani likija na talaka ya mahakama. Hata asiyefunga ndoa anaweza kuwa na dai, maana sheria hiyohiyo, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Muuzaji mwenye wake wawili ana maswali mawili ya kujibu. Akisema hana mke kabisa, aape kiapo mbele ya wakili.

Mimi nilitaka kuonana na mke wa muuzaji bila dalali kuwepo. Dalali alinuna, akasema namkwamisha. Yule mama alinikaribisha chai, akasema wazi kwamba anajua nyumba inauzwa na fedha zinakwenda kwenye shamba la Kibaha, kisha akanieleza kuwa kisima cha uani hukauka kila Januari. Fomu ya ridhaa tuliisaini baada ya hapo.

Mirathi ndiyo inayochosha kuliko yote, na hapa naongea kama muuzaji. Mama alipofariki, mjomba wetu alidhani kaka mkubwa anaweza kuuza kwa kuwa ni mkubwa. Hawezi. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, na mahakama ndiyo inayomteua. Sisi tulipita Mahakama ya Mwanzo, tangazo likatoka ili mwenye pingamizi ajitokeze, mwishowe dada akapewa Fomu namba 4, karatasi ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi. (Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila, nyingine hupelekwa mahakama za juu yake.) Kwa kuwa nyumba ilikuwa na hati, dada alilazimika kusajiliwa kwanza kama msimamizi ndipo aweze kuihamisha kwa mnunuzi. Muhtasari wa kikao peke yake haukutosha.

Mnunuzi wetu alikuwa mbishi. Pamoja na Fomu namba 4 alitaka warithi wote tusaini kwamba tumekubali kuuza, hata mdogo wetu aliyekuwa Mwanza. Tulimlalamikia sana. Alikuwa sahihi kabisa, na sasa kila anayenunua nyumba ya mirathi namwambia afanye vilevile. Mrithi aliyeachwa nje ya meza ndiye huja na kesi, na sheria ya ukomo inampa miaka 12 ya kudai ardhi. Ukimkuta muuzaji aliye na hati ya uwakilishi, yaani ruhusa ya maandishi ya kuuza kwa niaba ya baba yake, uliza kama baba yu hai. Mamlaka hiyo hufa pamoja na aliyeitoa.

Kuhusu kodi, muuzaji mkazi hulipa asilimia 10 ya faida aliyopata, yaani bei ya kuuza ukitoa gharama zake, na TRA wasipothibitisha kwamba imelipwa, hati haihami. Ndiyo maana stakabadhi za saruji na nondo hazitupwi. Mnunuzi kwa kawaida ndiye hubeba ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada za usajili. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, maana "tutaelewana" huleta uhasama siku ya malipo.

Je, tuandike bei ndogo ili kodi ipungue? Naulizwa hili hata na watu wa dini. Ukiacha kwamba ni kudanganya serikali, anayeumia hasa ni mnunuzi. Mthamini huangalia thamani ya soko, kwa hiyo unafuu wenyewe unaweza usiuone. Mauziano yakivunjika, utadai bei iliyoandikwa, na nyingine itabaki maneno yako dhidi ya maneno yake. Na siku ukiuza wewe, faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo, kodi uilipe wewe.

Mkataba wa ardhi uwe wa maandishi. Wa mdomo mahakama haitausimamia. Lipa kupitia benki, kwa akaunti ya yule aliyesaini mkataba, kwa awamu, na awamu ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka jina lako liingie.

Siku ya kukabidhiana funguo, dai stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka na bili ya mwisho ya maji ya DAWASA. Risiti za LUKU zisikubabaishe. Kodi ya jengo hukatwa humo tangu 2021, kwa hiyo hata mpangaji anailipa, na haithibitishi kwamba aliyenunua umeme ndiye mwenye nyumba. Kama kuna wapangaji, soma mikataba yao kabla hujasaini wako. Wengi wa hapa mjini wamelipa miezi sita mbele, na fedha hizo ziko kwa muuzaji. Miezi iliyobaki ikatwe kwenye bei.