Kwa nini marubani wa Marekani wanasubiri mkataba miaka mitatu bila kugoma

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini marubani wa Marekani wanalia na majadiliano yasiyoisha badala ya kugoma. La pili, kama mdogo wako anayemaliza mafunzo aikimbie kampuni ambayo majadiliano yake yameingia mwaka wa tatu. Mimi ni mtu wa Tanga, narusha ndege za abiria huku Marekani kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na majadiliano ya namna hiyo nimeyapitia tangu siku ya kwanza hadi siku ya kura ya kuupitisha mkataba.

Huku hugomi kwa kuwa umekasirika. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaipa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi siku 30. Zikipita bila mwafaka, wafanyakazi wanapiga kura, wanatoa notisi ya saa 48, wanaweka zana chini. Marubani wa Marekani wanatawaliwa na sheria ya reli ya 1926, iliyokuja kuyabeba na mashirika ya ndege mwaka 1936. Ilitungwa ili treni zisisimame. Chini yake mkataba wa hali bora hauishi muda, una tarehe ya kufunguliwa kwa marekebisho tu. Tarehe ikifika na msielewane, ule wa zamani unaendelea na viwango vyake vile vile hadi mpya usainiwe, iwe mwakani au baada ya miaka minne.

Mkishindwana mnakwenda kwenye bodi ya taifa ya usuluhishi, yenye wajumbe watatu wanaoteuliwa na rais. Hapo ndipo penye kidonda. Bodi hiyo haijawekewa siku ya mwisho. Ni yenyewe inayoamua lini itamke kwamba usuluhishi umekwama. Ikitamka, inawapa kwanza nafasi ya kwenda kwa mwamuzi. Upande mmoja ukikataa, zinahesabiwa siku 30 za kupoza joto, kisha ndiyo mgomo unaruhusiwa. Na hata hapo rais anaweza kuunda bodi ya dharura na kuusogeza mbele. Februari 1997 marubani wa American Airlines walianza mgomo usiku wa manane, na dakika chache baadaye Rais Clinton akausimamisha. Miaka miwili mbele, marubani wa shirika hilo hilo waliripoti ugonjwa kwa wingi mpaka safari zikafutwa. Mahakama ikakitoza chama chao zaidi ya dola milioni 45. Tukio hilo kila rubani hapa analijua. Chama chetu kilikuwa kinatukumbusha kila mwezi: unaumwa, kaa nyumbani, huumwi, nenda kazini.

Migomo halali imewahi kutokea. Marubani wa Comair, shirika la ndege la Marekani, walikaa nje siku 89 mwaka 2001, wa Spirit, shirika jingine la huku, siku chache Juni 2010. Lakini kwa nchi yenye marubani wengi hivi, ni michache mno. Wenzetu wa Kenya Airways walianza mgomo wao tarehe 5 Novemba 2022, na haikupita wiki mahakama ikawa imewarudisha kazini. Kwa hiyo hata kwenye sheria nyepesi zaidi, rubani hagomi kirahisi.

Sasa nikueleze kinachouma, maana watu wakiona mshahara wa rubani wanadhani ni ulafi. Kampuni yangu ni ya masafa mafupi, jina lake naliacha. Mkataba wetu ulipofunguliwa, tulikuwa na madai mawili makubwa. Moja ni malipo ya muda wa kukaa tu uwanjani. Mshahara wetu unahesabiwa kuanzia mlango umefungwa na breki ya maegesho imeachiwa. Kuna siku ya radi nilikaa getini saa tatu na nusu, sare mwilini, ndege imeshakaguliwa, abiria wananiuliza tutaondoka lini. Nilipoachia ile breki ndipo saa yangu ya malipo ilipoanza kuhesabu. La pili ni zamu za kusubiri simu: unaitwa saa kumi alfajiri, unatakiwa uwe uwanjani ndani ya saa mbili, na kwa wengi wetu hiyo maana yake ni kukodi kitanda karibu na uwanja, watu wanane chumba kimoja, mbali na watoto.

Vikao vilikuwa siku mbili au tatu kwa mwezi. Mwezi mmoja mwanasheria wa kampuni kabadilishwa, tunaanza upya kifungu tulichokwisha kukubaliana. Mwezi mwingine kikao kimeahirishwa kwa sababu mjumbe wao yuko likizo. Katikati ya hayo, Juni 2022, mfumuko wa bei wa Marekani ukafika asilimia 9.1, na sisi tuko kwenye viwango vya zamani. Piga hesabu ndogo: anayelipwa dola laki moja, akicheleweshewa nyongeza ya asilimia 20 kwa miaka mitatu, ni dola elfu sitini ambazo kampuni imebaki nazo. Malimbikizo yakija hulipwa sehemu tu, kwa sababu nayo ni jambo la kujadiliwa. Kuchelewa kwenyewe ni faida kwao.

Utasema basi ahame. Hawezi. Kila kitu cha rubani, kuanzia ndege anayorusha, kituo, likizo, hadi kupanda kuwa kapteni, kinafuata namba yake kwenye orodha ya ukongwe, na namba hiyo haihamishiki. Kapteni wa miaka ishirini akihamia kampuni nyingine kwa kawaida anaanza chini kabisa, kiti cha kulia cha rubani msaidizi, mshahara wa mwaka wa kwanza. Kampuni inalijua hilo ikikaa mezani.

Januari moja tuliandamana nje ya jengo la abiria, siku zetu za mapumziko, sare kamili na kofia, mabango mikononi, hakuna anayesema neno. Baridi ilikuwa inakata vidole. Pembeni yangu alikuwa kapteni aliyenifundisha mengi, mzee wa miaka 64, na sheria hapa inamwondoa rubani wa abiria akifika 65. Aliniambia, "Mwanangu, mimi huu mkataba sitauona." Akastaafu mwezi wa tano. Kura yetu ilipigwa mwezi wa tisa. Pensheni yake imetokana na viwango vya zamani, na huwa nikimpigia simu naona aibu kumweleza napata nini sasa.

Jambo moja nililikosea mwenyewe. Mwaka wa pili nilikuwa natukana kamati yetu ya majadiliano kwenye kundi la simu, nikiwaita wazembe. Wale ni marubani kama sisi, wanaacha familia zao kukaa hotelini wakibishana vifungu. Mgawanyiko wetu ulimfaa mwajiri tu. Kukataa makubaliano ya awali ni haki, marubani wa FedEx, kampuni ya kusafirisha mizigo, walikataa ya kwao Julai 2023 kwa kura, lakini hiyo ni kwa kusoma karatasi, si kwa hasira dhidi ya mwenzako.

Kuhusu mdogo wako: asiikimbie kwa sababu ya majadiliano peke yake. Marubani wa shirika la Delta walisubiri kuanzia mwisho wa 2019, janga la korona likaongezea, na Machi 2023 wakapata nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne. Anayeingia mwaka wa tatu wa kusubiri huenda akavuna bila kusubiri sana. Aulize kama wameshafika kwenye bodi ya usuluhishi, vifungu vingapi vimefungwa, na kama mshahara bado haujaguswa, maana ndio huachwa mwisho. Kisha aangalie marubani wangapi wa kampuni hiyo wanafikisha 65 ndani ya miaka mitano, kwa sababu hao ndio watakaomsogeza kwenye orodha. Akitaka, anitumie ujumbe, nitamsomea kipengele cha zamu za kusubiri simu kabla hajasaini.