Karatasi inasema 42, simu inasema 138, nani muongo?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimenunua kiwanja huku Kibaha, kwenye ramani yake ya zamani mstari wa kutoka bikoni (alama ya mpaka) ya kwanza kwenda ya pili umeandikwa S 42° E. Nimesimama palepale kwenye bikoni na dira ya simu, inaniambia 138. Shemeji anasema nimepigwa. Kweli?

JIBU: Hujapigwa dada, angalau sio kwenye huo mstari, mwambie shemeji atulie. Simu inahesabu azimuti, yaani inaanzia kaskazini sifuri inazunguka kama mshale wa saa, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270 mpaka inarudi kaskazini 360. Ramani yako inatumia beringi ya zamani (sio ile ya tairi la pikipiki) ambayo haivuki 90, unaangalia kwanza kaskazini au kusini halafu unaambiwa ukunje digrii ngapi kwenda mashariki au magharibi. Sasa wewe angalia kusini (S), kunja 42 kuelekea mashariki (E). Kusini ni 180, na kukunja mashariki ukiwa hapo ni kurudi nyuma kwenye hesabu ya simu, 180 toa 42 ngapi? 138 yako hiyo.

Ingekuwa S 42° W, yaani kuelekea magharibi, ungejumlisha, 222. N (kaskazini) kwenda E namba haibadiliki, N kwenda W unatoa kwenye 360. Mi sikushauri ukariri, watu wanakariri leo kesho wameshachanganya, chora msalaba chini kwa kijiti uone unaangukia robo gani.

Ninachoipendea beringi ni kurudi. Ukiwa bikoni ya pili unaangalia ya kwanza unageuza herufi tu, N 42° W, namba ileile, wakati kwenye azimuti inabidi ujumlishe 180 upate 318.

Ila simu usiiweke karibu na bati wala nondo, na kava lenye sumaku livue. Halafu kaskazini ya sumaku na ile ya ramani zinapishana kidogo, kwa hiyo ukisoma 136 au 140 usianze kugombana na jirani, muite mpima ardhi.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko London, programu ya kibla inasema 119 lakini dira ya marehemu baba namba zake zinaishia 90. Nafanyaje?

JIBU: Waalaykum salaam. 119 imepita mashariki haijafika kusini, kwa hiyo 180 toa 119 unapata 61. Kwenye dira ya mzee anzia S, hesabu 61 kwenda E, tandika mswala. Na kama una shangazi Muscat akakwambia yake ni 266 msibishane, 266 toa 180 ni 86, yeye ni S 86° W, karibu magharibi yenyewe, maana Makka kwake iko upande huo.