Kabla ya kununua darubini, panga nyumba: kwa anayeanza kupiga picha za nebula na galaksi

Wengi wanaonitafuta wakitaka kuanza kupiga picha za galaksi (makundi makubwa mno ya nyota) na nebula (mawingu ya gesi na vumbi huko angani) huja na swali moja: ninunue darubini gani? Mimi huwarudishia maswali. Uani kwenu kuna taa ngapi? Nani huamka usiku kwenda chooni, na huwasha taa ipi? Jiko la mkaa huwashwa upande gani? Laptopu unayotegemea inatumiwa na nani mwingine? Wengine huona nawazungusha, lakini kazi yenyewe imelala humo. Sisi tunaopiga picha tukiwa nyumbani tunapoteza usiku mwingi kwa mambo ya nyumbani kuliko kwa uhaba wa vifaa, na mengi ya mambo hayo yanarekebishika bila kutoa hela.

Naishi Dodoma, nyumba yenye ua mmoja, wapangaji, watoto, kuku na kamba za kuanikia nguo. Nayasema haya kwa mtu mwenye mazingira kama hayo, mwenye kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi na stendi ya miguu mitatu.

Kwanza ondoa wazo kwamba vitu hivi ni vidogo na vinahitaji kukuzwa. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), imetanda angani upana wa karibu mara sita ya mwezi mpevu. Huioni vizuri kwa sababu mwanga wake ni hafifu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kukusanya mwanga kwa muda mrefu, na lenzi ya milimita 50 au 135 yenye tundu kubwa inatosha kabisa kuanzia.

Kizuizi cha pili ni kwamba dunia inazunguka. Anga husogea nyuzi 15 kwa saa, na nyota zikisogea wakati shata iko wazi zinageuka vistari. Kanuni ya haraka ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi; jibu ndilo kikomo cha sekunde za kuacha shata wazi. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo, zidisha kwanza urefu huo kwa 1.5. Kwa sensa hiyo ndogo, lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde sita na ushee. Mimi nashauri ushuke hadi nne au tano, maana sensa za siku hizi zina pikseli nyingi na zinafichua kila msogeo. Sasa utasema, sekunde tano zitaonyesha nini? Picha moja haionyeshi kitu cha maana, imejaa chenga, yaani vidoa vya ovyo vinavyotokea kwenye picha za gizani. Lakini ukipiga nyingi mfululizo na kuziunganisha kwa programu, nebula inabaki palepale katika kila picha wakati chenga zinahamahama, na wastani wake unazifuta chenga na kuiacha nebula. Ukizidisha idadi ya picha mara nne, chenga zinapungua kwa nusu. Picha mia zinazipunguza hadi sehemu ya kumi. Ndiyo maana utahitaji saa nzima au mbili za utulivu uani, bila mtu kuwasha taa, kugonga stendi wala kupita na ndoo mbele ya lenzi.

Utulivu huo ni wa kuombwa. Taa ya ulinzi imewekwa kwa sababu, na anayekataa kuizima ana haki yake. Nenda mchana, ukae, ueleze. Kwetu kulikuwa na taa moja nyeupe kali juu ya mlango wa chumba cha mwisho, ikimwaga mwanga hadi kwenye ukuta wa jirani. Nilimwonyesha mama anayekaa pale picha ya Nebula ya Carina kwenye simu. Akauliza iko wapi hiyo. Nikamtoa nje nikamwonyesha, kusini, juu kidogo ya paa la jiko. Alisimama pale muda mrefu bila kusema kitu. Fundi akatuwekea kofia ya bati juu ya taa ili mwanga uende chini tu, na tangu hapo yeye mwenyewe ndiye anayenikumbusha: "Mwalimu, leo mwezi haupo. Nizime?" Taa iliyofunikwa juu inamulika mlango vizuri zaidi, kwa hiyo hata anayejali usalama hapotezi kitu. Mlinzi naye aambiwe mapema, la sivyo atakumulika tochi kwa nia njema kabisa.

Na wewe mwenyewe, simu yako weka mfukoni. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na kioo cha simu kinaifuta nusu saa hiyo mara moja. Tochi yenye mwanga mwekundu inafaa zaidi. Karatasi nyekundu ya pipi mbele ya tochi ndogo inafanya kazi hiyo.

Moshi haupewi uzito unaostahili. Wakati wa kupika chakula cha usiku, upepo ukiwa umetulia, moshi wa mkaa na kuni unatanda chini na kuumeza upande mzima wa anga. Subiri hadi saa nne usiku. Miezi ya kiangazi kuna moshi mkubwa zaidi, wa kuchoma mashamba na nyasi, na huo hauondoki kwa kusubiri. Usiku wa namna hiyo achana na vitu vilivyo karibu na upeo wa macho, piga vilivyo utosini tu.

Vumbi ni la mwaka mzima hapa. Usibadilishe lenzi nje. Badilishia chumbani, kamera ikiangalia chini, na usifagie chumba siku hiyo. Piga deki, maana kufagia kunarusha vumbi ambalo linaelea kwa saa kadhaa. Hata hivyo punje chache zitaingia kwenye sensa na kuonekana kama miduara yenye kiza. Dawa yake ni kupiga picha za mwanga sawa: alfajiri, bila kugusa lenzi wala fokasi, tandaza shati jeupe safi mbele ya lenzi, lielekeze kwenye anga jeupe, upige kama 30. Programu itazitumia kufuta miduara na ule weusi wa pembeni unaoletwa na lenzi. Tenga shati moja kwa kazi hii na ulifiche, kwa sababu nguo nyeupe yenye doa la mchuzi haifai tena. Piga pia nyingine 30 lenzi ikiwa imefunikwa kifuniko, kwa sekunde na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) zilezile, usiku uleule kabla hewa haijapata joto. Hizi zinaonyesha pikseli zinazowaka zenyewe, ili nazo ziondolewe.

Walioko Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam adui yao ni unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyolazwa kwenye begi la ngozi kabatini. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, kama lile la kuhifadhia unga, weka vipakiti vya kukausha unyevu ndani yake, na lenzi ikae humo. Usiku umande ukianza kutua kwenye kioo, usifute kwa kanga. Funga mkanda mdogo wa joto unaotumia paweri benki.

Upepo wa Dodoma mwezi wa saba na wa nane unajulikana. Jikinge na ukuta wa nyumba, usirefushe miguu ya stendi, na ning'iniza dumu la lita tano la maji katikati yake, chini ya dumu iguse ardhi kidogo ili lisipembee. Nguo zianuliwe kabla ya kuanza, maana shuka linalopepea gizani linakula picha nyingi kabla hujagundua. Waya wa umeme upite ukutani, usikatize njia ya watoto. Bora zaidi, usitegemee umeme wa ukutani kabisa: uniti za LUKU huisha usiku wa manane kama ilivyo kawaida yake. Betri mbili za kamera zilizojaa na paweri benki zinakutosha usiku mzima.

Fokasi ndiyo inayoharibu picha za wanaoanza kuliko jambo lingine lolote nililoliona. Zima fokasi ya kujiendesha, elekeza kwenye nyota kali, kuza kwenye kioo cha nyuma hadi mwisho, zungusha taratibu mpaka nyota iwe ndogo kuliko ilivyowahi kuwa, kisha gandisha ringi kwa soletepu. Baada ya saa moja angalia tena, kwa sababu hewa ikipoa vyuma vinanywea na fokasi inahama.

Baadaye utatamani traka, kile kifaa kinachoigeuza kamera kufuata mwendo wa anga, nacho kinakupa sekunde 60 au 120 kwa picha badala ya tano. Hapo karibu mafunzo yote utakayoyasoma yatakuambia uielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini, iliyo karibu na ncha ambayo anga huonekana kuizunguka. Kwetu Dodoma nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, haionekani kamwe. Ncha ya kusini ya anga ndiyo iliyo juu ya upeo wetu, lakini iko nyuzi sita tu juu ya ardhi, nyuma ya nyumba na miti, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Kwa hiyo elekeza kusini kwa dira ukiwa mbali na vyuma, inamisha traka nyuzi sita, kisha piga picha ya dakika mbili ya nyota iliyo karibu na utosi. Ikivuta mstari, sogeza traka kidogo kushoto au kulia na urudie, hadi nyota itulie. Ni kazi ya kuchosha mara za mwanzo. Weka alama za chokaa sakafuni pale miguu mitatu iliposimama, na uwaombe wanaodeki wasizifute; usiku unaofuata utaanza na kazi iliyokwisha fanywa nusu.

Sasa nini cha kupiga. Utakutana na orodha ya Charles Messier, Mfaransa aliyekuwa akitafuta nyota zenye mkia (kometi) na kuorodhesha vitu vilivyofanana nazo. Orodha yake ya mwisho ilitoka mwaka 1781. Ni orodha nzuri, lakini aliangalia anga kutoka Paris, na vitu vingi vizuri vya kusini hakuviona kamwe. Nebula ya Carina haimo. Iliandikwa na Mfaransa mwingine, Nicolas-Louis de Lacaille, aliyekwenda hadi Cape Town kuipima anga ya kusini mwaka 1751 na 1752. Wewe unaiona kutoka uani kwako mwezi wa tano, saa mbili usiku, mvua zikiwa zimeisha. Ni pana kuliko Nebula ya Orion, na ningeanza na hiyo.

Mwezi wa sita hadi wa nane ni neema yetu. Kitovu cha Njia Nyeupe, kwenye makundinyota ya Mshale na Nge, kinapita juu kabisa, na ni wakati huohuo anga la bara halina mawingu na usiku ni mrefu. Wenzetu wa Ulaya kaskazini miezi hiyo hawana giza la kutosha, na kitovu hicho kwao kinajikokota chini kwenye ukungu. Lenzi ya milimita 50 hapo itakupa Nebula ya Lagoon na ya Trifid katika picha moja. Mwezi wa kumi na moja geukia kaskazini kwa Andromeda. Nebula ya Orion inapita karibu utosini mwetu kabisa, ila msimu wake mzuri unaangukia masika yetu ya Dodoma. Vizia ule usiku mmoja baada ya mvua kubwa, vumbi likiwa limeoshwa. Kitovu chake ni kikali, hivyo piga fungu moja la sekunde moja moja, na jingine la sekunde ndefu, uziunganishe.

Rangi nyekundu ya nebula isikukatishe tamaa ikitoka kidogo. Hiyo nyekundu ni ya haidrojeni, mawimbi ya nanomita 656, na kamera za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa yake. Picha nyingi zaidi zinasaidia. Usikimbilie kumpa fundi aing'oe kichujio mwaka wa kwanza.

Kukishakucha, nyumba inarudi mezani. Picha ghafi (RAW) moja ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 25. Picha 500 ni gigabaiti 12 na nusu, na programu ya kuunganisha inahitaji nafasi mara kadhaa ya hiyo. Kama laptopu ni ya familia, jitengenezee akaunti yako humo, kwa sababu kijana anayetafuta nafasi ya kuweka gemu hajui kwamba folda la picha nyeusi tupu ni usiku wako mzima. Andika jina la folda kwa tarehe, kitu, lenzi na sekunde. Nakili sehemu mbili kabla ya kufuta memori kadi. Kisha lala, picha hazikimbii.

Siril ni programu ya bure na inafaa. Fuata mpangilio huu: unganisha, kata kingo, ondoa mwanga wa mji uliosambaa nyuma, sawazisha rangi, ndipo uinue mwanga wa picha. Wengi huinua mwanga kabla ya kuondoa ule wa mji, halafu wanahangaika na doa la rangi ya machungwa upande mmoja. Anga usiifanye nyeusi ti, utazika mikono hafifu ya galaksi uliyoikesha kuitafuta. Kazi hii fanya wiki za mwezi mpevu, usiku ambao nje hakuna la kupiga.

Faili lililounganishwa, kabla hujaligusa kwa kitu kingine chochote, litunze. Carina itarudi mwakani, na ukipiga kwa lenzi ileile utaweza kuziongeza saa mpya juu ya zile za zamani, chenga zikaendelea kupungua.