Maswali Yenu: Sarafu za Prufu za Urusi, Ipi Adimu, Ipi ni Fedha Tu

Nina seti nzima ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, zote 28, prufu, kwenye boksi lake. Kuna mtu kaniambia ni adimu sana nisiachie kwa bei ya kawaida. Nimwamini?

Seti ya prufu, yaani sarafu zilizopigwa maalum kwa wakusanyaji zing'ae kama kioo, ni nzuri na usiivunje, ila adimu hapana. Usovieti walizitengeneza kuanzia 1977 mpaka 1980 makusudi kabisa kuuza nje wapate pesa za kigeni, kwa hiyo zilitoka nyingi na watu walizitunza vizuri tangu siku ya kwanza, ndo maana mpaka leo zinazunguka kwenye kila mnada. Ya rubeli 10 ina gramu 33.3 za fedha ya 900, yaani ukitoa mchanganyiko unabaki na karibu gramu 30 safi, na ya rubeli 5 ni nusu yake. Anza hesabu hapo. Bei ya fedha ikipanda seti yako inapanda nayo, ikishuka inashuka, na mnunuzi ataongeza kidogo kwa ajili ya boksi na cheti kama vipo. Anayekuambia adimu muulize yeye atainunua kwa bei gani, utaona.

Ukitaka adimu ya kweli ya zama hizo angalia paladi, metali ya thamani ya jamii ya platinamu. Mwaka 1988, walipoadhimisha miaka 1000 ya Ukristo wa Rusi (Urusi ya kale), walitoa rubeli 25 ya paladi, halafu kuanzia 1989 zikafuata zile za baleti, aunsi moja ya 999. Hizo ni chache kuliko za Olimpiki na paladi yenyewe ina soko lake.

Nimenunua rubeli ya 1965 ya miaka 20 ya ushindi, imeandikwa prufu, inang'aa kama kioo. Rafiki anasema sio ya 1965. Mbona tarehe ipo mbele?

Rafiki yako inawezekana yuko sahihi, na hili swali nalipenda kwa sababu hapa ndo watu wengi wanapoliwa. Igeuze usome pembeni, kwenye ukingo. Ukikuta 1988 na herufi Н ujue hiyo imepigwa upya mwaka 1988 kwa ajili ya wakusanyaji, sio 1965. Sio feki, kiwanda ni cha serikali, chuma ni kilekile, lakini sio sarafu uliyodhani umenunua na bei zake ni tofauti. Walifanya hivyo kwa rubeli nyingi za kumbukumbu za miaka ya nyuma.

Na hii tabia haikuanza na Usovieti. Kiwanda cha St. Petersburg, kilichoanzishwa 1724 na Petro Mkuu, kwa miaka mingi kilikuwa kinawapigia matajiri sarafu za zamani kwa oda, mara kwa muhuri (chuma kinachogonga sura kwenye sarafu) wa zamani mara kwa muhuri mpya, ndo zinaitwa novodeli. Aliyepiga kelele mpaka zikakatazwa 1890 ni Georgy Mikhailovich, mjukuu wa tsar (mfalme wa Urusi) Nikolai wa Kwanza, mkusanyaji mkubwa kuliko wote wa wakati wake, maana aliona zinaharibu historia yenyewe. Ajabu ni kwamba leo baadhi ya hizo novodeli ni ghali kweli kwa sababu zilipigwa chache mno. Halafu ikaja ile rubeli ya 1914 ya kukumbuka Gangut, vita vya majini alivyoshinda Petro, yenye sura yake; Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza nyingi zikaishia kuyeyushwa, na mwaka 1927 Wasovieti wakazipiga tena kwa mihuri ileile. Kwa hiyo kwa sarafu za Urusi "ni halisi?" haitoshi. Uliza ilipigwa lini, na nani, kwa muhuri upi. Asiyeweza kujibu hayo matatu akupunguzie bei au aondoke nayo.

Natumiwa picha ya rubeli ya Konstantin 1825, jamaa anauza haraka haraka. Nifanyeje?

Usitume hata senti. Hizo ni sampuli zilizoandaliwa tsar Alexander wa Kwanza alipofariki, watu wakidhani mdogo wake Konstantin ndo atatawala, kumbe alikuwa ameshakataa kiti, akaingia mdogo wao Nikolai na Desemba ile ile wanajeshi wakaasi. Sampuli zikafichwa kwa miongo mingi. Zilizopo duniani unazihesabu kwa vidole, moja iko makumbusho ya Hermitage kule St. Petersburg, moja makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Haiuzwi kwa ujumbe wa simu.

PF 69 na PF 70 zinatofautiana nini, na maneno ultra cameo ni ya nini? Na je, nitume sarafu zangu zote zipimwe?

PF ni kifupi cha prufu, na namba ni daraja la ubora. Skeli inaishia 70, na kwa prufu watu huanza kuongelea kuanzia 60. 70 maana yake hakuna dosari hata ukikuza picha mara tano, 69 kuna kitu kidogo sana ambacho kwa macho huwezi kukiona. Ultra cameo ya NGC, au deep cameo ya PCGS (hayo ni makampuni ya kupima sarafu), ni pale sura imekuwa na ukungu mweupe mzito na uwanja wake, yaani sehemu tambarare inayoizunguka, ni kioo cheusi, tofauti inaonekana mara moja. Inatokana na muhuri mpya, sarafu zikipigwa nyingi ule ukungu unafifia.

Zote usitume. Gharama ya kupima pamoja na posta ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi thamani ya rubeli 5 ya Olimpiki. Tuma paladi, tuma platinamu, tuma za tsar ambazo mnunuzi atakuwa na wasiwasi nazo.

Prufu yangu imepata rangi ya dhahabu na buluu pembeni. Niisugue na dawa ya meno?

Hapana hapana, tafadhali! Uwanja wa prufu ni kioo, kitambaa laini tu kinaacha mistari ya nywele ambayo chini ya taa inaonekana yote, na mpimaji ataiandika "details", kwamba imesafishwa, gredi haipati. Hiyo rangi ni fedha inavyozeeka na kuna wanaoilipia zaidi ikiwa nzuri. Kitu pekee cha kuwahi ni ule utelezi wa kijani unaotoka kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC, huo unakula chuma, chovya kwenye asetoni safi (kiyeyushi) bila kusugua, mbali na moto, dirisha likiwa wazi, iache ikauke yenyewe, kisha iweke kwenye kapsuli ngumu. Shika ukingo tu, siku zote.

Nina rubeli ya Nikolai wa Pili, muuzaji anasema ni prufu. Naiangaliaje kabla ya kuiuza?

Anza na mizani. Kuanzia 1886 rubeli ya fedha ni gramu 20 kasoro kidogo sana, ya 900, zile za kabla yake ni kama 20.7. Kisha ukingo tena, kwa nyingi kuna herufi za msimamizi wa kiwanda: АГ mpaka 1899, baada yake ФЗ, АР na ЭБ, na kuanzia 1913 ВС. Tarehe na herufi zisipokubaliana tatizo unalo mkononi. Prufu ya kweli kingo zake ni kali na uwanja unaakisi hata ndani ya herufi, iliyopakwa polishi inang'aa juu tu na maandishi yanakuwa kama yameyeyuka.

Kama sarafu bado iko Urusi kumbuka kuna sheria ya 1993 ya kutoa nje mali za utamaduni, vitu vya zaidi ya miaka 100 vinabanwa sana, uliza kibali kabla hujamwahidi mnunuzi wa nje. Ikiwa tayari iko nje basi mnada unaojua Urusi ni bora kuliko duka la jumla, soma komisheni ya muuzaji na ile anayoongezewa mnunuzi, weka bei ya chini kabisa kwa maandishi, na piga picha ya ukingo pia, wanunuzi wa sarafu hizi wataiomba kabla ya kitu kingine chochote.